Kabla Hujamtafuta Shangazi Kigoma

Mapendo, mtoto wangu,

Nimefunga librairi mapema leo. Ni saa tisa mchana, wewe na mama yako mko sokoni Mulongwe mnabishana juu ya kitenge, na minye nimejifungia ndani na karatasi hizi kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Sasa hivi mtu alikuwa anagonga mlango. Nikanyamaza. Akasema peke yake pale nje, "Mwalimu amekufa ao?" kisha akaenda zake. Alitaka gundi, nina hakika. Miaka kumi na mitatu kibao changu kinasema kwamba hapa panauzwa vitabu, na watu wa avenyu hii bado wanakuja kuniuliza gundi, mishumaa na kiberiti.

Juu ya mambo ya kila siku sitaandika neno. Chandarua, maji ya kuchemsha, namna ya kuongea na mkuu wa shule asiyekujua, hayo mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananiangalia mimi, kama vile minye ndiye ninayekwenda Kigoma kufundisha Kifaransa. Wewe mwenyewe unajua kujipanga kuliko sisi wote. Mtoto anayepanga soksi zake kwa rangi, baba yake atamwambia nini?

Uliniomba kitu kimoja tu: orodha ya riwaya za historia, zile zilizofanya kazi vizuri hapa kwenye kikundi chetu cha Jumamosi, ili na wewe uanzishe kikundi kule na walimu wenzako. Nimekaa na ombi lako siku nne. Orodha nimekuandikia kwenye karatasi yake, utaiona. Lakini ndani ya daftari lako kuna orodha nyingine, na hiyo ndiyo imenifanya nifunge mlango.

Juma lililopita, mezani, ulitusomea. Kambi tatu za wakimbizi, na siku za likizo utakazokwenda katika kila moja. Majina ya watu wa huko ambao ndugu zao wako hapa Uvira. Ukasema, "Papa, minye nitamupata Shangazi. Muntu hawezi kupotea hivi hivi." Shangazi yako Mapendo, dada yangu mdogo, ambaye umebeba jina lake tangu kuzaliwa. Mama yako aliacha kula. Minye nikasema, "Vizuri, mtoto wangu," nikaomba pilipili.

Shangazi yako hayuko Kigoma. Hakufika kamwe. Ninajua mahali alipoishia, nimejua tangu nikiwa kijana mdogo kuliko wewe leo, na nimekudanganya. Nitakuambia yote kabla karatasi hizi hazijaisha. Lakini uniache nipitie kwanza kwenye vitabu. Sehemu moja ni kwa sababu uliniomba. Sehemu nyingine ni kwa sababu baba yako ni mwoga, na mwoga huzunguka nyumba mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Unakumbuka tulivyoanza. Kitabu kimoja, wasomaji saba, na nakala ya pili haipo hata Bukavu. Ndiyo maana nikachukua wembe. Ninakifungua kitabu mgongoni, ninakigawa vipande saba, kila kipande ninakishona na uzi wa nyavu na kukivalisha gamba la karatasi ya mfuko wa saruji. Kila mtu anakwenda nyumbani na kipande chake. Jumamosi anakuja kusimulia kwa Kiswahili kile alichosoma kwa Kifaransa, na wale ambao hawakusoma shule wanakaa kwenye mabenchi kusikiliza. Mwenye kipande cha nne hajui anaanzia wapi mpaka wa tatu amalize. Mara ya kwanza uliponiona na wembe ulikuwa na miaka kumi. Ulilia. "Papa, umekiua."

Hakikufa. Ila nimejifunza kwamba kipande gani kinakwenda kwa nani ni kazi kubwa kuliko kuchagua kitabu. Shemasi wetu nilimpa, bila kufikiri, kipande chenye harusi na mambo yote yanayofuata harusi. Jumamosi akasimama, akakohoa, akasema, "Walioana. Mungu asifiwe." Akakaa. Ba mama wakapiga makelele: "Shemasi! Kurasa arobaini zote zile!" Akasema, "Nimefupisha." Mpaka leo mtu akiruka jambo kwenye kikundi wanamwambia amefupisha kama Shemasi.

Sasa, orodha. Anza na ile ya msafara wa chumvi. Ina njaa nyingi na chakula kingi, na watu wanaoanza kusoma pamoja wanahitaji kula pamoja kwanza, hata kama ni kwa macho. Ile ya meli ya Wajerumani humu ziwani, wape wanaume. Watazungumza juu ya injini Jumamosi tatu, uwaache, siku ya nne mmoja atasema jambo la babu yake aliyebeba mizigo ya wanajeshi, na hapo ndipo kitabu kitakuwa kimeanza. Ile ya pamba, ya bonde la Ruzizi enzi za Wabelgiji, iweke pale ambapo una wazee. Kwetu mzee mmoja wa Kiringye alisimama akasema mwandishi amekosea idadi ya viboko, kisha akatuhesabia viboko vya baba yake, kimoja kimoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hatukuendelea na kitabu siku ile. Riwaya ya wafalme na ng'ombe, hata iwe tamu namna gani, usianze nayo. Juma la pili hawatasema tena juu ya kitabu. Watasema juu ya nani alifika kwanza katika nchi hii, na utahitaji mtu wa kusimama mlangoni.

Hayo ni ya mwalimu. Sasa ya baba.

Siku moja mama yako alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu ya kikundi, ile ya vipande vilivyokwisha kusomwa. Akaniuliza, "Weye unaona vile unachagua?" Nikamwambia ninachagua kwa ubora. Akacheka, unajua kile kicheko chake cha puani. Akaanza kuvinyooshea kidole kimoja kimoja. Hiki, mtoto anapotea kwenye msafara, anarudi mzee. Hiki, binti anachukuliwa, anarudi na watoto. Hiki, kaka anakwenda vitani, wanamlilia, anarudi. "Karne zote hizi," akasema, "na weye unatafuta muntu mumoja tu."

Yeye anajua. Nilimwambia kabla hatujaoana, na ndiyo maana nilishangaa alipokubali. Tangu ukiwa mdogo ananiambia, "Mwambie mtoto." Na minye ninamjibu, "Akikua." Wewe ukakua, ukawa mrefu kuliko minye, ukaanza kunisahihisha Kifaransa changu mbele ya wateja, na minye bado ninasema akikua.

Ni kweli aliyosema. Siwezi kufungua kitabu cha zamani bila kumkuta dada yangu ndani. Kila msichana anayekimbia ana miguu yake. Kwenye msafara wa chumvi yuko, nyuma kabisa, anaburuta fimbo ili iandike mchangani. Kwenye shamba la pamba yuko, anaiga mwendo wa msimamizi na wenzake wanajizuia kucheka. Mwandishi hakumweka pale. Nimerudia kurasa hizo mchana, na miwani yangu, na hayupo. Nikisoma tena, yuko.

Sasa nikuambie juu ya Mama Nabindu, maana kosa nililomfanyia ndilo lililonifungua kidogo, halafu nikajifunga tena.

Unamjua, yule wa Kiringye anayeuza nyanya, aliyesoma kwa masista miaka miwili na Kifaransa chake kinatembea polepole lakini hakianguki. Wewe ulikuwa Bukavu kwenye masomo yako mwaka ule. Nilichagua riwaya ya zamani sana, ya nyakati za wakamata watumwa. Mama mmoja anakimbia na watoto wake wawili, anafika kwenye mto, nyuma kuna mioto. Mama Nabindu alipewa kipande cha tano, ndicho chenye mto.

Jumamosi akasimama kusimulia. Mapendo, sijawahi kusikia mtu akisimulia namna ile. Akatupeleka mpaka ukingoni. Akatueleza maji yalivyokuwa na rangi. Kisha mtoto mkubwa akaona gogo, wakalishika wote watatu, wakapiga miguu, wakafika ng'ambo. Kulikuwa na mwanamke kule, akawafuta kwa kitambaa chake mwenyewe, akawapa mahindi ya kuchoma. Yule mdogo alikula akasinzia na hindi mkononi. Watu wote kwenye mabenchi walipumua kwa pamoja. Shemasi alikuwa na machozi.

Na baba yako, mwenye librairi, mwenye miwani, akasimama. Nilisema, "Samahani, Mama Nabindu. Kitabu hakisemi hivyo. Watoto wote wawili wanazama. Nimekisoma mara mbili." Nilisema "mara mbili", na kidole juu.

Shemasi, mwenye kipande cha sita, akasema taratibu, "Ni kweli, mu kipande changu ule mama iko peke yake. Nilikuwa ninajiuliza nitaanzia wapi."

Mama Nabindu hakubisha. Alifunga kipande chake ndani ya mfuko wa plastiki, akachukua kikapu, akasema "Mubaki muzuri," akatoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Nilichukua pikipiki mpaka Kiringye. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba msamaha, mazuri, yenye Kifaransa ndani. Nikamkuta uani anaanika mpunga. Akanipa kiti, akaendelea kusambaza mpunga kwa mguu, hakuniangalia.

"Mwalimu, unafikiri minye sikuelewa kile kitabu?"

"Hapana, Mama."

"Nilielewa. Nilisoma ule ukurasa mpaka karatasi ikawa laini." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mto Ruzizi, kule chini, nyuma ya mashamba. "Minye iko na wawili mule. Wakati wa vita. Ule mukubwa alikuwa anajua kuogelea, alirudilia mudogo wake."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati.

"Nilitaka bavuke," akasema. "Hata mara moja. Mbele ya watu. Halafu weye ukabarudisha mu maji."

Nikamwambia sikujua. Akasema anajua sikujua. Akanipa maji ya kunywa. Akanirudishia kipande cha tano, ndani ya mfuko wake, safi. Na pale nilipoinuka kuaga, ndipo akaniuliza, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Na weye, Mwalimu, hakuna muntu unamuvushaka na mudomo?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Hakuna."

Njia nzima kurudi, dereva wa pikipiki alikuwa ananisimulia juu ya mkwe wake, na minye ninaitikia, ndiyo, ee, kweli, na nyuma yangu kwenye kiti nilisikia uzito, kama vile tumepakia mtu wa tatu. Nilishuka kabla ya kufika, nikatembea.

Mama Nabindu alirudi kwenye kikundi baada ya miezi miwili. Anakaa karibu na mlango, na anakubali vipande vya mwanzo tu, vile ambamo watu bado wanazaliwa. Kwa hiyo, mtoto wangu, hili ndilo ninaloweza kukupa juu ya vikundi vya kusoma: kuna siku mtu atasimama na kusimulia jambo ambalo halimo kitabuni. Umwache amalize. Usimame na kidole juu kama utapenda, lakini siku nyingine, na si mbele ya mabenchi.

Basi. Nimezunguka nyumba mara mbili.

Shangazi yako alikuwa na miaka kumi na minne. Wewe unamjua kama picha ile moja, msichana wa gauni la Komunio anayekunja uso. Hakuwa hivyo. Mpiga picha alimkataza kucheka. Alikuwa mwizi wa sukari. Alikuwa anaweza kutembea kama prefe, mkuu wa shule yetu, tumbo mbele na mikono nyuma, mpaka siku moja prefe mwenyewe akawa nyuma yake. Minye nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka kufaulu Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, na nilikuwa ninahutubia kila mtu juu ya kila kitu, ndipo akanipa jina: Yaya Mwalimu. Yaya, kaka mkubwa, ndiyo nilikuwa, lakini mwalimu bado. Ilikuwa ni kunicheka.

Siku ya vita, babu na bibi yako walitangulia na mizigo kwenye barabara ya kusini. Sisi wawili tulifuata. Yeye alikuwa na sufuria kichwani, minye godoro. Milio ilikuwa bado mbali, upande wa Kavimvira. Tulipofika kwenye daraja la Kalimabenge nikasimama.

"Karatasi zangu," nikasema. Bulletini zangu zote za shule, zile ripoti za alama, na karatasi ya diploma, ndani ya bahasha moja. Nilikuwa nimezificha juu ya kabati, nikabeba godoro, nikazisahau.

"Yaya, acha."

"Bila zile karatasi minye ni nani?"

Unaona ujinga. Lakini niliusema kwa dhati, na kuna siku bado ninausikia kwa sauti yangu ya zamani.

Kisha nikasema kile ambacho kwa miaka yote hii sijakiandika mahali popote. Nilimwambia, "Weye iko na mbio kuliko minye." Ni kweli alikuwa na mbio. Lakini haikuwa sababu. Niliogopa kurudi, Mapendo. Nilikuwa mwanaume wa miaka ishirini, na niliogopa, nikamtuma mtoto.

Akaweka sufuria chini. Akanicheka. "Yaya Mwalimu, vita inakuja na weye iko unafikiri bulletini. Basi unisubiri hapa hapa. Usisogee."

"Sitasogea."

Nikasogea.

Nilisubiri kwanza. Ninapojisimulia mwenyewe kuna siku ninasubiri saa nzima, na kuna siku ninasubiri dakika kumi, na ile ya dakika kumi ndiyo ninayoiamini. Watu walizidi, wakasukumana, sufuria ikapinduliwa, mtu akapiga kelele kwamba wamekwisha kufika sokoni. Miguu yangu ikaenda na miguu ya watu. Kwenye mji wa Baraka nilikuta wazazi wangu. Mama akaangalia nyuma yangu. Nikasema tulipotezana kwenye watu.

Miezi mitano baadaye nilirudi Uvira peke yangu, kuona kama nyumba iko. Jirani yetu, fundi seremala, hakuwa amekimbia. Aliponiona kwenye avenyu aliweka randa chini, na nikajua.

"Alifika," akaniambia. "Aliingia, akatoka. Risasi ilimukuta hapa hapa, mbele ya mlango wangu. Hakusema kitu. Minye na muke wangu tulimuzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, maana hakukuwa na namna ya kufika makaburini." Akaingia ndani, akarudi na bahasha. "Alikuwa amekumbatia hii."

Ni kwa bahasha hiyo nilipata kazi. Nilifundisha miaka kumi na mmoja kwa karatasi hizo, na mji wote ukajifunza kuniita Mwalimu.

Ulishawahi kuniuliza kwa nini niliacha kufundisha, nikakuambia koo. Haikuwa koo. Kila Septemba waliingia darasani wasichana wa miaka kumi na minne, hamsini kwa mara moja, nikafika mahali siwezi tena kuita orodha ya majina. Kwenye librairi wanakuja mmoja mmoja, wananunua daftari, wanakwenda. Ninaweza kuvumilia mmoja mmoja.

Kutoka kwa fundi siku ile nilirudi Baraka nimejiapiza kusema. Bibi yako alikuwa amekaa mlangoni. Akauliza, "Na Mapendo?" Nikafungua mdomo, na likatoka jambo lingine, laini, limekamilika, kama vile mtu alikuwa ameliandaa: "Fundi anasema walimwona akiingia kwenye boti ya Kigoma." Mama yangu akapiga magoti pale pale akashukuru Mungu. Ungefanyaje baada ya pale? Ninakuuliza kweli, sijui. Minye nilifupisha, nikaendelea kufupisha mpaka wazazi wangu wote wawili wakafa.

Unakumbuka sabuni? Nyumba ya bibi yako ilikuwa imejaa sabuni za miche, chini ya kitanda, juu ya kabati, na wewe ulidhani ni usafi. Kila boti ya Kigoma ilipofika bandari ya Kalundu, alikuwa anakwenda kuwauliza ba mama wachuuzi kama wamemwona binti wa namna hii, na aliona haya kuuliza bure, ndipo akanunua sabuni. Miaka yote ile. Mara nyingine minye ndiye niliyembebea kikapu.

Mama Nabindu aliwavusha wanawe kwa sababu aliwapenda, na alijua vizuri walipo. Minye nilikuwa ninajivusha mwenyewe.

Migomba ya fundi haipo tena. Ule mwaka mto Kalimabenge ulipojaa ukashuka na mawe na nyumba, ulichukua kiwanja chake chote mpaka ziwani. Nilikwenda asubuhi yake. Wewe ulidhani nimekwenda kusaidia watu kutoa matope. Kwa hiyo hata mahali pa kukuonyesha sina. Ningependa kukuambia kwamba nimemwona tangu siku ile, au sijamwona. Ninachojua ni kwamba nikivuka daraja la Kalimabenge huwa ninapunguza mwendo, na mtu wa nyuma yangu hunigonga kisigino, na nikigeuka kuomba radhi hakuna mtu.

Sikuandikii ili unihurumie. Mama yako amekwisha kufanya kazi hiyo, na kwa mshahara mdogo. Ninaandika kwa sababu ya ule ukurasa wa daftari lako. Nimekuona akilini ukiwa kwenye foleni ya kambi, na picha ya gauni la Komunio mkononi, unamwuliza mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na yeye anakuonea huruma anasema labda, jaribu kule. Na unajaribu kule. Ungeweza kutumia ujana wako wote kwa sentensi yangu moja. Usimtafute, mtoto wangu. Kama utataka kwenda kambini, nenda kwa walio hai, ba mama wa kwetu wanaotaka mtu wa kuwasomea barua.

Barua hii sitaificha kwenye mizigo yako. Nilifikiri kufanya hivyo, ili uisome ukiwa katikati ya ziwa na minye niko nchi kavu. Mama yako alisema nikithubutu ataitoa yeye mwenyewe. Nitakupa mkononi mkirudi kutoka sokoni. Nitakuwa uani. Ukija kuuliza, nitajibu kila kitu, na sitafupisha. Usipokuja, sitakufuata.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki hata mama yako hakijui. Ulipozaliwa, bibi yako alikataa nikupe jina hili. Alisema, "Mwenyewe bado analitumia." Nikang'ang'ania, na kila mtu akaona jinsi ninavyompenda dada yangu. Sababu ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Nilitaka kuliita ndani ya nyumba yangu na mtu aitike. Ndivyo tu. Na wewe umeitika miaka ishirini na mitatu, ukiwa umelala, ukiwa na mdomo umejaa, hata ukiwa umenikasirikia umeitika, na hukujua unamwitikia baba wa namna gani.

Kesho pale Kalundu, boti ikianza kutoka, nitaita. Mama yako ataona haya, atanivuta shati. Nitaita mara moja tu, na huna lazima ya kuitika.

Papa yako